Gogo Nililolisingizia

Mwezi uliopita mama mmoja wa mtaani kwetu Pasua aliniomba nikazungumze na mumewe, ambaye mgongo umemlaza wiki ya sita sasa. Nilikwenda. Nikakaa naye, nikamweleza habari za kulalia mbao, za kuinuka kwa ubavu, za kutokubali kila mpita njia akukande. Niliporudi nyumbani nikaona nimemwambia nusu tu. Ile nusu nyingine ndiyo iliyonichelewesha mimi kupona, na ndiyo ninayoiandika hapa, ingawa mke wangu anasema si lazima watu wote wajue.

Ninaitwa Melkiori. Nimezaliwa Rombo, nikashuka mjini kijana, na kwa miaka kumi na moja nilikuwa mpima mizigo kwenye ghala la kiwanda kimoja hapa Moshi. Magunia nilikuwa nayanyanyua bila kufikiri. Kisha ukaja ule wakati ambapo viwanda vilikuwa vinauzwa na vingine vinafungwa, nasi tukapunguzwa, wengi kwa siku moja. Nilikuwa na miaka thelathini na minne. Haika, binti yetu, alikuwa na minne. Mdogo wake, Deo, alikuwa bado ananyonya.

Mke wangu Anisia hakukaa chini kusikitika. Alianza kwenda Tarakea, kule mpakani. Alipanda basi na vitunguu na maharage, akalala kwa kaka yake Apolinari ambaye kihamba chake, lile shamba la migomba la ukoo, kiko karibu na huko, na baada ya siku mbili tatu akarudi na sabuni, mafuta ya kupikia na mabeseni ya plastiki kutoka Kenya, akayauza hapa Pasua. Mimi nikabaki na watoto.

Leo naona wanaume wengi wanabaki na watoto na hakuna anayegeuka kuwatazama. Wakati ule mimi nilikuwa nafua nepi chumbani, mlango umefungwa, na kuzianika ndani kwenye kamba niliyoifunga juu ya kitanda. Mtu akibisha hodi nilikausha mikono kwanza. Wakiniuliza nafanya nini siku hizi, nilisema niko likizo. Likizo ya miezi sita!

Katika miezi hiyo mwili wangu ulibadilika na sikuutazama. Nilikaa kitandani na watoto, nikasikiliza redio, nikala makombo yao. Tumbo likatoka. Nikiinama kufunga viatu nilikuwa nashika pumzi. Nilidhani nguvu ni kitu ulichonacho daima, kama jina. Kumbe Deo alikuwa anaongezeka uzito kila wiki na mimi napungua uwezo kila wiki, na hakuna kati yetu aliyekuwa anapima.

Ilikuwa Julai, ile baridi ya mawingu ambayo mlima hauonekani hata siku kumi. Jumamosi tulikuwa tumepanda wote Rombo, nikamsaidia Apolinari kubeba gogo la mgrivea hadi pale anapopasulia mbao. Tulilinyanyua vizuri, tukaliweka chini vizuri. Jumapili nikarudi mjini na watoto, Anisia akabaki kwa ajili ya soko.

Jumatatu asubuhi nilichemsha maji, nikayapoza, nikamweka Deo kwenye beseni sakafuni nikamwosha. Haika alikuwa nyuma yangu, anataka naye achezee maji. Nikapeleka mkono wa kushoto nyuma kumzuia, na kwa mkono wa kulia nikamshika Deo chini ya kwapa nimtoe. Miguu nimeinyoosha wima, nimeinama kutoka kiunoni, nimejipinda, na mtoto anateleza sabuni.

Kitu kilikatika kiunoni. Sina neno jingine. Maumivu yalishuka mguu wa kushoto kama maji ya moto, na nilijikuta nimeanguka kwa magoti na viganja. Deo alikuwa amenitoka mkononi. Alirudi ndani ya beseni kifudifudi.

Maji hayakuzidi shubiri moja. Niliuona mgongo wake na nywele zake zikielea. Nilikuwa karibu naye kuliko nilivyo karibu na karatasi hii, na sikuweza kumfikia, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa inanishikilia nisilale uso, na kila nilipojaribu kuinua mmoja, mwili ulikataa. Nikapiga kelele tu. Haika ndiye aliyepita ubavuni kwangu, akashika ukingo wa beseni kwa mikono miwili, akavuta huku anarudi nyuma mpaka likapinduka. Maji yakaenea chumba kizima na Deo akamwagika nayo. Alikuwa kimya. Halafu akakohoa, akalia.

Sijui zilikuwa sekunde ngapi. Nimejaribu kuhesabu mara nyingi, na kila mara napata jibu tofauti.

Nilichosema baada ya hapo ndicho kinachoniuma kuliko mgongo ulivyowahi kuniuma. Nikiwa nimelala kwenye maji, sijamshukuru, sijamwita jina, nilimwambia yule mtoto wa miaka minne, "Haika, usimwambie mama."

Akaniuliza, "Kwa nini?"

"Mama atalia. Sawa?"

Akatikisa kichwa kukubali.

Jirani akasikia kilio, akaingia. "Baba Haika! Kuna nini?"

"Mgongo," nikasema. "Tulibeba gogo Jumamosi."

Jibu lilitoka hivyo, lenyewe, kama mtu anavyosema pole. Alasiri Anisia aliporudi akanikuta nimelala sakafuni, naye hakuridhika na jibu fupi. Alitaka kujua lile gogo lilinifanyaje. Nilikuwa nimeshapata muda wa kufikiri. Nikasema, "Apolinari aliachia upande wake kabla yangu."

Hakuuliza tena.

Wiki za kwanza nazikumbuka kwa mabenchi ya hospitali. Wengine wanakaa kwenye benchi; mimi sikuweza kukaa. Nilisimama nimeegemea ukuta, mwili umepinda upande mmoja kama mgomba uliolemewa na mkungu, na miguu ikichoka nilijilaza sakafuni, watu wakaniruka. Siku moja bibi mmoja kutoka vijijini alivua khanga yake ya juu akaitandika chini. "Lala hapo, mwanangu, sakafu ina baridi." Nilimwamkia nikiwa tayari nimelala, jambo ambalo si adabu, naye akaitikia tu. Alikaa karibu yangu mpaka nilipoitwa. Sikuwahi kumjua jina.

Nilipigwa picha, nikachomwa sindano, nikapewa vidonge, nikaambiwa nilalie mbao. Daktari alisema kama mguu utazidi kufa ganzi tutafikiria upasuaji. Kwa wiki saba nililala juu ya mbao zilizotandikwa blanketi. Nilikojoa kwenye kopo na mke wangu akalimwaga. Alinivalisha soksi. Paja la kushoto lilipungua mpaka suruali ikawa inapeperuka upande mmoja. Nikipiga chafya nilitokwa machozi.

Anisia hakuweza kwenda Tarakea muda huo wote, na chakula kilikuwa cha kubahatisha. Aliyetuokoa ni Apolinari. Kila wiki alishuka na basi, amebeba ndizi na dumu la maziwa. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mikono mipana, na hakuwa mtu wa maneno mengi. Alifika, akasema, "Shemeji, unaendeleaje?" kisha bila kungoja jibu akaenda kuteka maji. Dada yake hakumkaribisha kiti. Alipokea ndizi akageuka.

Kulikuwa na jambo moja ambalo mimi peke yangu nililielewa. Deo akiona beseni alikuwa anapiga mayowe mpaka anaishiwa pumzi. Anisia alidhani ni meno. Apolinari akabuni njia yake: alimpeleka uani, akamkalisha juu ya jiwe, akamwosha kwa kikombe, polepole, huku anamwimbia wimbo wa kanisani kwa sauti nzito. Mimi nilisikia yote kupitia dirishani. Na ni kwake Deo alipiga hatua zake za kwanza. Nilimwona, kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Alitoka kwenye jiwe, hatua nne, akaangukia kwenye ile mikono ambayo nilikuwa nimesema iliachia.

Mwezi Agosti ndugu wa mke wangu walitaka jambo hili lisemwe, kwa sababu Anisia alikuwa amekataa kukanyaga kwa kaka yake. Walikuja watu wanne nyumbani kwetu, wakiongozwa na baba yao mdogo, mzee ambaye hakupenda ndugu wanuniane. Nilikuwa nimelala kwenye mbao, wao wamekaa wamenizunguka.

Apolinari alikuwa ameshika isale, lile jani refu ambalo kwetu mtu akikuletea mkononi kuomba radhi, huna ruhusa ya kumkataa. Alipiga magoti ili alingane na mimi nilivyolala.

"Shemeji," alisema, "mimi sikumbuki kuliachia. Lakini mkono unaweza kufanya kitu na kichwa kisijue. Kama ni mimi, nisamehe."

Baba mdogo akasema, "Melkiori, umemsikia mwenzako."

Nafasi ilikuwa pale. Haika alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama.

Nikanyoosha mkono, nikalipokea jani. "Yameisha, shemeji," nikasema.

Watu wakashukuru, mtori ukaletwa. Nilishindwa kuumeza, wakasema ni maumivu.

Mwishoni mwa Septemba nilianza kutembea kwa fimbo, na hospitali ikanipeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Namwita hapa Mama Ndosi. Chumba chake kilikuwa nyuma, karibu na kliniki ya watoto, na kila Jumanne alikuwa na kundi la akina mama waliojifungua ambao migongo na viuno viliwasumbua. Jumanne ya kwanza nilipowaona nilisimama nje kama mtu anayemsubiri mkewe. Nilisimama hivyo saa nzima. Kisha Mama Ndosi akachungulia.

"Wewe baba mwenye fimbo, unamngoja nani?"

"Shikamoo, mama. Namngoja... nimeandikiwa mazoezi."

"Marahaba. Mazoezi hayafanyiki ukutani. Ingia."

Nilikuwa mwanamume peke yangu kati ya wanawake tisa, na wote walikuwa wananizidi. Niseme kweli. Aliyejifungua mwezi mmoja kabla alikuwa anachuchumaa na kuinuka bila kushika kitu, mimi natetemeka kwenye kigoda. Mama Ndosi hakutufundisha mambo ya vijana wanaotaka vifua vipana. Alisema, "Sitaki mjue kunyanyua chuma. Nataka mjue kumnyanyua mtoto anayelia, mkiwa mmechoka, na ndoo mkononi." Kwa hiyo tulifanya hayohayo. Kukaa kwenye kigoda na kuinuka, mara kumi. Kulala chini na kuinuka kupitia ubavu, goti moja, kisha la pili. Kutembea na ndoo mbili nusu nusu badala ya moja iliyojaa. Kutambaa kwa magoti na viganja sakafuni kama watoto, tumbo limekazwa. Huko kutambaa kulinipa shida. Nilikuwa naona maji.

Kwangu alikuwa amesoma kwenye kadi kwamba niliumia kwa gogo, basi akawa ananifundisha kunyanyua vitu virefu na mwenzangu, mgongo wima. Nilifanya Jumanne baada ya Jumanne. Mvua za vuli zikaanza, akina mama wawili wakamaliza wakaaga, mimi niko palepale. Nyumbani nilikuwa bado siwezi kumpakata Deo. Ukweli ni kwamba sikujaribu. Akija upande wangu nilimpa kitu cha kuchezea ili asinyooshe mikono, na baada ya muda akaacha kuinyoosha.

Jumanne moja ya Novemba Mama Ndosi alileta mfuko wa mchanga. "Mtoto wako mdogo ana kilo ngapi?"

"Kumi na moja, labda."

"Huu una kumi na moja. Uko chini. Unyanyue kama unavyomnyanyua yeye. Usifikiri."

Nikainama. Sikufikiri. Mkono wa kulia ukaenda kwenye mfuko na wa kushoto ukaenda nyuma yangu, kiganja kimefunguka.

"Simama hapohapo," akasema. Akazunguka nyuma yangu. "Huyu unayemzuia huku nyuma ni nani?"

Nikaurudisha mkono mbele.

"Baba Haika. Kwenye hilo gogo kulikuwa na mtoto?"

Wale akina mama walikuwa wameacha mazoezi. Nilikuwa nimeinama bado, na machozi yalidondoka moja kwa moja sakafuni, hayakupita hata shavuni. Nikasema, "Hakukuwa na gogo." Nikayasema yote, nikiuambia ule mfuko.

Nilipomaliza, Mama Ndosi hakunipa pole. Alinisaidia kuketi. "Miezi miwili nakufundisha kubeba miti," alisema, "na wewe una watoto wawili nyumbani. Mguu wako ungekufa kabisa, ungenilaumu hata mimi." Kisha akashusha sauti, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Mtoto yuko hai?"

"Yuko hai."

"Na aliyepindua beseni, nani anaijua kazi yake?"

Nikasema hakuna.

"Nenda nyumbani kwanza. Jumanne ijayo tutaanza upya."

Nilimkuta Anisia anachambua maharage kibarazani. Nilisimama, kwa sababu nilijua nikikaa sitasema. Nilipofika kwenye neno beseni aliweka ungo chini. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu hakunitazama. Aliita, "Haika! Njoo."

Haika akaja mbio. Mama yake akamshika mabega. "Siku ile baba alipoumia, Deo alipatwa na nini?"

Mtoto alinitazama mimi kwanza. Aliniangalia aone kama ameruhusiwa. Alikuwa ameibeba kwa miezi minne na alikuwa bado anailinda.

"Mwambie mama," nikasema. "Sema yote. Baba alikosea kukukataza."

"Deo alikunywa maji," akasema Haika. "Baba alishindwa. Mimi nikamwaga."

Anisia alimvuta, akamkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika. Baada ya kumwachia ndipo aliponigeukia. Hakupandisha sauti. "Nilimwambia kaka yangu mikono yake imelaaniwa. Nilimwambia pale uani, akiwa anamwosha mwanao. Na wewe ulikuwa umelala hapo ndani, unanisikia."

"Nilikusikia."

"Kuhusu maji, ajali ni ajali, hata mimi ningeweza kumwangusha. Lakini hili la kaka yangu usinitarajie kulimaliza leo."

Hakulimaliza hiyo wiki, wala mwezi huo. Tulikuwa tunaongea mambo ya unga na ya mafuta ya taa tu.

Wiki mbili kabla ya Krismasi nilipanda basi peke yangu kwenda Rombo. Njia nzima nilisimama, nikashikilia bomba, kwa sababu kukaa kulikuwa bado kunaniumiza. Nilimkuta Apolinari chini ya migomba anakata majani ya ng'ombe. Alifurahi kuniona natembea. Nikamwambia asifurahi, anisikilize. Alisikiliza huku akikata. Nilipofika mahali pa Jumatatu, panga likasimama.

"Kwa hiyo sikuliachia," alisema.

"Hukuliachia."

"Rudia."

"Hukuliachia, shemeji. Uliliweka chini vizuri."

Alikaa chini, pale pale kwenye majani. Alikuwa ananitazama kama mtu asiyenifahamu. "Unajua sijashika msumeno tangu Agosti? Mwenzangu ametafuta mtu mwingine. Nilimwambia mimi si wa kushika upande wa pili wa kitu chochote." Akatazama viganja vyake. "Lile gogo nimelirudia kichwani kila siku. Mwanzoni nilikuwa naona nimelishika. Nikarudia, nikarudia, mpaka nikaiona mikono inafunguka. Niliiona, shemeji. Kitu ambacho hakikutokea."

Nilimwomba msamaha. Nilitafuta maneno mazuri, lakini niliyoyapata ni yaleyale ambayo kila mtu anayo.

Aliinuka akafuta panga. "Nimesikia," akasema. "Ila leo sitaki ule kwangu. Basi la mwisho halijapita, utaliwahi."

Kwetu mtu hafukuzwi bila kuonja kitu. Niliteremka barabarani na njaa yangu, nikaona ni haki. Krismasi ile alituma ndizi kwa ajili ya watoto, yeye mwenyewe hakuja.

Nilirudi kwa Mama Ndosi na tukaanza upya kweli. Mfuko wa mchanga ukawa Deo. Alinifundisha kuchuchumaa, kumvuta mtoto mpaka agusane na kifua, ndipo niinuke kwa mapaja. Kamwe nisijipinde nikiwa nimeinama, na anayenivuta nyuma aambiwe asubiri. Beseni alisema litoke sakafuni liwe juu ya meza imara. Kitu kidogo hivyo! Mwezi Januari aliacha mfuko akaniambia nimlete mtoto mwenyewe. Deo aligoma. Alinishika suruali akasimama hapo, hakunyoosha mikono. Nilichuchumaa mbele yake nikangoja. Nilihesabu pumzi zangu, zikapita thelathini. Magoti yaliwaka moto, nikaendelea kungoja, na miezi ile ya kigoda ndiyo iliyonishikilia. Hatimaye aliweka kichwa begani kwangu, si kwa mapenzi, ni kwa usingizi. Nikainuka naye.

Masika yalipoanza Apolinari alikuja Pasua. "Nimekuja kumwona Deo," alimwambia dada yake, akanipita mlangoni. Alikaa, akala. Wakati wa kuondoka ndipo aliposema amerudi kupasua mbao, na alisema akimtazama Anisia. Tumekwenda hivyo. Leo tunakaa meza moja, tunacheka. Lakini miaka yote hii hajawahi kuniita nimsaidie kubeba kitu, nami sijawahi kumwuliza sababu.

Kuhusu Haika, baada ya kuruhusiwa, alilisimulia jambo lile kwa kila mtu. Alilisimulia dukani, alimsimulia katekista, alilisimulia kwenye msiba wa jirani mbele ya watu wazima waliojikunyata: "Baba alimwangusha Deo kwenye maji, mimi nikamwaga beseni!" Mwanzoni masikio yangu yaliwaka na nilitamani kumnyamazisha. Nilijilazimisha kukaa palepale mpaka amalize. Watu wakinitazama, nilisema, "Ni kweli. Ndivyo ilivyokuwa."

Haika alipoanza darasa la kwanza, Mama Ndosi alikuwa ananiita mara mojamoja Jumanne niwaonyeshe wageni namna ya kuinuka kutoka sakafuni. Siku moja ya likizo nilikwenda na Haika. Karibu na benchi la nje alikuwako mwanamume wa umri wangu, dereva wa lori, amesimama ameegemea ukuta na mwili umepinda. Nilimpa pole, nikamwuliza aliumiaje. Akasema alianguka kutoka juu ya lori akipakia saruji. Haika hakuulizwa, akaanza: baba, Deo, maji, beseni. Alisimulia mpaka mwisho na vitendo vya mikono. Mimi nikasema ni kweli.

Yule bwana aligeuka nyuma. Akatazama kama kuna mtu mwingine karibu. Kisha akasema, akiitazama sakafu, "Nilikuwa namfunga mtoto viatu."

"Cha kushoto au cha kulia?" nikamwuliza.

"Cha kushoto."

Nikamwomba Haika avue chake cha kushoto, nikachuchumaa chini mbele yake, nikamwambia yule bwana asogee aone magoti yangu yanakwenda wapi.